Nani Kakutuma?

Nawasalimu mlioko mjini Bukoba, kuanzia Kashai na Hamugembe hadi Rwamishenye. Nawasalimu wa Kashozi, wa Katoma, wa Kemondo bandarini. Na ninyi ndugu zangu wa Muleba: Kamachumu, Nshamba, Rubya, Rutabo, pamoja na mlioko visiwani, Bumbire na Goziba, ambao redio yenu huenda muda huu imo ndani ya mtumbwi. Aliye jikoni atazame ndizi zake zisiungue, kisha asogee karibu. Leo tuna neno moja tu.

Neno lenyewe ni kutuma.

Najua yuko anayesema: kutuma nako ni neno la kukalia kitako? Si tunalitumia kila siku? Kweli, tunalitumia kila siku. Lakini umesikia ulichosema? Umesema "tunalitumia". Neno lenyewe limejiingiza humo humo kwenye swali lako. Subiri, tutafika huko.

Tuanzie nyumbani. Nilipokuwa mtoto, kule Kamachumu, bibi yangu hakuwa mtu wa kukutuma kwa kukupigia kelele kutoka jikoni. Alikuita, ukaenda mpaka mbele yake. Anakwambia: "Nenda kwa mama wa kule chini, mwambie bibi anaomba chumvi, na kikapu chake nitakirudisha kesho. Umesikia? Haya, rudia." Unarudia. Ukikosea neno, anakusahihisha, unarudia tena. Halafu anatema mate chini, pale penye vumbi, anasema: "Urudi kabla haya hayajakauka." Hapo sasa ni mbio, unapita migombani kama upepo.

Wangapi kati yenu mlitumwa kwa mate? Naona wazee wanacheka.

Sasa tutazame lile tendo la bibi lilikuwa na nini ndani yake. Kwanza, kuna anayetuma, na unamjua kwa sura. Pili, kuna anayetumwa, naye ni mtu: ana masikio ya kusikia, kichwa cha kuhifadhi, miguu ya kwenda. Tatu, kuna kurudi. Yale mate yalikuwa ndiyo saa ya kurudi. Shikeni hayo matatu: anayetuma, anayetumwa, na kurudi. Mazungumzo yetu yote ya leo yatazunguka hapo.

Haya, neno hili limetoka wapi? Maana Kiswahili chetu kimekopa mengi. Barua tumeipata kwa Waarabu. Posta imekuja na Wazungu. Bahasha, simu, vyote ni vya kuja. Lakini kutuma? Kutuma hatukukopa kwa mtu. Sisi Wahaya tunasema okutuma. Vuka mpaka wa Mutukula, Waganda wanasema okutuma. Pita Rusumo, Wanyarwanda wanasema gutuma. Nenda kwa Wakikuyu wa Kenya, kwa Washona wa Zimbabwe, utalikuta. Shuka mpaka kwa Wazulu kule Afrika Kusini, wanasema ukuthuma. Wataalamu wa lugha waliokaa wakazilinganisha lugha zetu hizi, akiwamo Mwingereza Malcolm Guthrie, wanauweka mzizi huu, -tum-, katika ile lugha mama ambayo lugha zote za Kibantu zimetokana nayo. Ni neno la zamani sana. Limetembea na babu zetu msituni, ziwani na nyikani, na maana yake haikupotea njiani.

Sasa jiulize. Babu zetu hao walipolisema, hapakuwa na basi, hapakuwa na posta, hapakuwa na simu. Walikuwa wanatuma nini? Walikuwa wanamtuma mtu. Kama ni salamu, mtu alizibeba kichwani. Kama ni mkungu wa ndizi, mtu aliubeba begani. Habari ya msiba ilikwenda kwa miguu ya mtu. Hakuna kilichotumwa bila mtu kutumwa kwanza. Kwa hiyo neno hili tangu kuzaliwa kwake lina mtu ndani. Nalirudia hilo, maana ndilo shina la mazungumzo yetu: kutuma kuna mtu ndani yake.

Jirani zetu Wanyankole, wale wa ng'ambo ya mto Kagera, wana jina zuri la mshenga, yule anayetumwa kwenda kuposa. Wanamwita katerarume, yaani mpiga umande. Kwa nini? Kwa sababu anadamka alfajiri, anatangulia njiani, na umande wote wa kwenye nyasi unaishia kwenye miguu yake. Wanaomfuata watapita pakavu. Wanyankole wameitazama ile miguu iliyolowa, wakaigeuza kuwa jina la heshima.

Tumeshaona asili. Sasa twende kwenye maana, na hapa ndipo penye utamu, tena na uchungu.

Katika Kiswahili, kutokana na kutuma, tumepata jina la mtu aliyetumwa. Lakini hatukupata jina moja, tumepata mawili. La kwanza ni mtume. Kama vile kiumbe ni kilichoumbwa, na mteule ni aliyeteuliwa, basi mtume ni aliyetumwa. La pili ni mtumwa. Nalo, ukilitazama kwa umbo lake, maana yake nini? Aliyetumwa! Hakuna zaidi. Mtume na mtumwa, kwa mujibu wa sarufi, ni mtu yule yule. Tofauti ni herufi tu pale mwishoni. Lakini mmoja tunamtaja kwa heshima, Waislamu wakimswalia na Wakristo wakimsoma kanisani, na mwingine tunamtaja kwa huzuni, aliyefungwa mnyororo shingoni.

Ilikuwaje? Neno moja limezaaje watoto wawili wasiofanana hivi?

Sikilizeni ajabu hii. Sisi Wahaya tuna neno entumwa. Lifananishe na mtumwa: mzizi ule ule, mwisho ule ule. Lakini entumwa kwa Kihaya si mtu wa kununuliwa. Entumwa ni mjumbe, ni mtu aliyepewa neno alipeleke. Wanyarwanda nao wanasema intumwa, na wanapowataja mitume wa Yesu, hilo ndilo neno wanalotumia. Kwa hiyo neno ambalo Mswahili wa pwani analisema akimaanisha mtu wa kupigwa mnada, Mhaya au Mnyarwanda analisema akimaanisha mjumbe, hata mtume wa Bwana.

Pwani kulikuwa na nini? Pwani kulikuwa na soko. Mtu alipouzwa, kazi yake ikawa kutumwa: chota maji, beba meno ya tembo, palilia karafuu. Alitumwa asubuhi, akatumwa mchana, akatumwa usiku, mpaka kutumwa kukawa ndilo jina lake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria kule Visiwani mwaka 1897, na huku bara Tanganyika sheria ya kuufuta ikaja mwaka 1922. Sheria zilifuta jambo, neno likabaki.

Na Kiswahili hicho kilitujia huku kwa njia ya misafara. Kilipanda kutoka pwani hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Karagwe. Msafiri Mwingereza Speke alipofika huko kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wameshajenga kambi yao pale Kafuro. Basi fikirini Mhaya wa zamani hizo anamsikia mgeni akimwita mpagazi wake "mtumwa". Mhaya huyo angedhani anasikia neno lake la nyumbani, kumbe maana imegeuka njiani.

Sasa nauliza: bibi yangu aliponituma chumvi, mimi nilikuwa nani? Mtume au mtumwa?

Turudi kwenye yale mambo matatu. Anayetuma: nilimjua, naye alinijua kwa jina langu na jina la baba yangu. Anayetumwa: alinipa maneno, akayasikiliza kutoka kinywani mwangu, akaniamini nayo. Na kurudi: alinisubiri. Ningechelewa, angetoka mlangoni kutazama njia. Yule wa kwenye msafara hakusubiriwa na aliyemtuma. Akianguka njiani, aliachwa, na mzigo wake akapewa mwingine. Kwa hiyo, wasikilizaji, kinachomfanya aliyetumwa awe mtume au awe mtumwa hakiko kwenye miguu yake. Kiko kwa yule aliyemtuma. Je, anamsubiri?

Tuvute pumzi kidogo, tuingie sehemu ya pili. Niliwaahidi tutarudi kwenye "tunalitumia".

Chukua tuma, uiongezee i katikati: tumia. Ile i ina kazi ya kuonyesha jambo limefanywa kwa ajili ya mtu au kuelekezwa kwake. Pika, pikia. Tuma, tumia. Nimemtumia mama mkungu wa ndizi, yaani nimeutuma kwake. Hapo sawa. Lakini tumia hiyo hiyo ina maana nyingine: tumia kisu, tumia akili, tumia pesa. Ukilipeleka jembe shambani likafanye kazi, ni kama umelituma. Ndiyo maana Kiswahili kina mtego mdogo hapa. Mtu akisema "nimetumiwa", hujui umpongeze au umpe pole. Ametumiwa pesa na mwanawe? Au ametumiwa na watu, wakamaliza shida zao, wakamwacha?

Na jirani zetu wa Rwanda wamefanya nini na neno hilo hilo? Wao hawakuipoteza ile r ya katikati. Mnajua Kiswahili kina tabia ya kumeza sauti hiyo, ambayo kwetu ni l. Sisi Wahaya tunasema enjala, Waswahili wanasema njaa. Basi Mnyarwanda anasema gutumira. Ni kutumia hiyo hiyo, imevaa nguo zake kamili. Na maana yake? Gutumira ni kualika! Kumtumia mtu neno kwamba njoo kwangu, tule, tunywe, tusherehekee.

Mnaiona hiyo? Mzizi mmoja, kiungo kimoja. Pwani ukazaa kutumia, ng'ambo ya Rusumo ukazaa kualika. Na sisi wa Kagera tumekaa katikati, lugha zote mbili tunazisikia sokoni. Tunaweza kuchagua tunamtuma mtu kwa maana ipi: ya kumtumia, au ya kumwalika ashiriki jambo letu.

Kutumwa kwa maana ya heshima tumekushuhudia hapa hapa. Mwaka 1892 mapadre wa White Fathers waliweka misheni Kashozi. Misheni ni neno la wapi? Asili yake ni Kilatini, nalo linatokana na kitenzi cha kutuma. Na mtume kwa Kigiriki ni apostolos, aliyetumwa. Na kwa Kiarabu ni rasul, mwenye ujumbe aliotumwa. Tazama jinsi lugha za mbali zilivyokutana na yetu bila kupatana. Na hata Tume ya Uchaguzi, au tume ya kuchunguza jambo, ni watu waliotumwa na wanaotakiwa kurudi na jibu. Basi Kashozi ilipokea waliotumwa. Miaka 68 baadaye, mwaka 1960, askofu mwenye kiti chake Rutabo, Muleba, Mhaya mwenzetu Laurean Rugambwa, akawa Kardinali, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Mahali palipopokea wajumbe pakatoa mjumbe wake.

Sasa tuje kwetu, leo, jioni hii. Mtu ndani ya kutuma bado yupo?

Siku hizi ukisikia "nitumie", unashika simu. Pesa inakwenda kabla hujafumba jicho. Ni jambo jema, sitaki kulibeza. Mama wa Nshamba anapata ada ya mtoto bila kupanda gari, na mwanawe aliyeko Dar es Salaam anaambiwa, "tuma na ya kutolea", anaongeza kidogo, wanacheka. Lakini nani hajawahi kupokea ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Mko wangapi? Ile hela! Hela gani? Hakuna jina, hakuna sura, hakuna mtu uliyemwona. Na bado kuna waliotuma. Kwa nini? Kwa sababu tumezoea kutuma kusikokuwa na mtu. Bibi yangu asingeibiwa hivyo. Mgeni angekuja mlangoni akasema, nimetumwa nichukue kikapu, bibi angeuliza swali moja tu: "Nani kakutuma?" Kisha angemtaka ayarudie maneno. Nakuomba na wewe, simu ikilia na ujumbe wa namna hiyo, uliza swali la bibi. Mpigie yule unayedhani amekutumia ujumbe, usikie sauti yake.

Kwenye mizigo mtu bado yupo. Nenda stendi ya Bukoba alfajiri. Mikungu imefungwa majani, ndoo za senene zimebanwa vifuniko msimu ukifika, na jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Mama anamshika mkono kondakta: "Mwanangu, huu ni wa fulani, atakuja kuupokea." Basi lina safari ya zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam, na mama anarudi nyumbani akiwa na amani kwa sababu amemtazama mtu machoni.

Na sisi tunajua uchungu wa kumsubiri aliyetumwa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyoondoka kwetu ikapitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia walipotea. Humo walikuwamo wenye biashara zao, wanafunzi, na watu waliobeba mizigo na salamu za wengine. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilikaa zikitazama njia. Kama unataka kujua kwamba neno hili lina mtu ndani, waulize wale waliosubiri gatini.

Jambo la mwisho, nalo nitalisema taratibu. Siku hizi, mtu akisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza mapato yamekwenda wapi, utasikia sauti kutoka nyuma: "Huyu ametumwa!" Na hapo hoja imekufa. Hakuna anayejibu tena. Jamani, tangu lini kutumwa kumekuwa kosa? Wahenga walisema mjumbe hauawi. Walijua mjumbe anaweza kuleta neno gumu, na kwamba neno gumu hujibiwa kwa neno. Kama ametumwa, jibu swali kisha umwambie apeleke jibu kwa aliyemtuma. Na kama hakutumwa, umemtukana mtu anayesema kwa kichwa chake.

Swali la "nani kawatuma" tuliulize kuhusu watoto. Nasema wale mabinti wadogo wanaochukuliwa vijijini kwetu kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Mzazi anaambiwa, "tutamsomesha". Binti anakwenda. Huko anatumwa asubuhi, anatumwa mchana, anatumwa usiku. Mmesikia maneno hayo? Ndiyo yale yale niliyoyasema kuhusu soko la pwani. Kwa hiyo, mzazi uliyemtuma mwanao, nakuuliza maswali matatu. Unaijua sura ya anayemtuma huko? Umewahi kuisikia sauti ya mwanao, akizungumza mwenyewe bila mtu kumsimamia? Na siku ya kurudi kwake ni lini? Ukikosa jibu hata moja, nauli ya kumfuata ni ndogo kuliko utakacholipa baadaye.

Muda wetu unayoyoma. Niyarudie kwa kifupi. Moja, kutuma ni neno letu la kale, na lina mtu ndani. Mbili, mtume na mtumwa kwa umbo ni kitu kimoja. Anayewatofautisha ni aliyetuma. Tatu, aliyetumwa husubiriwa.

Mtaniuliza: na wewe hapo redioni, unatuma? Sisi hapa tunasema tunarusha. Tunarusha matangazo. Kurusha ni kufanya kitu kiruke, kama senene wa Novemba: wanaruka, wanatua popote penye mwanga, na aliye macho ndiye anayewaokota. Maneno yangu ya jioni hii yameruka hivyo. Sijui yametua kwenye kibanda gani, wala kwenye mtumbwi wa nani.

Kwa hiyo leo nataka kufanya kidogo kama bibi. Wewe uliyenisikia, nakutuma. Nenda kwa mzee mmoja, hapo nyumbani au jirani, umuulize: ulipokuwa mtoto, ulitumwaje, na ulitumwa nini? Msikilize mpaka mwisho. Wiki ijayo, saa kama hii, piga simu hapa utuletee maneno yake kama alivyoyasema.

Mate nimeshatema. Nakusubiri.